Radi Haingoji Mvua

Mwishoni mwa Agosti 2020, watoto wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, walikuwa wamecheza mpira. Mvua ilipowakuta wakakimbilia kibanda kilichokuwa jirani, na radi ikapiga wakiwa humo wamejibana. Tisa walikufa papo hapo, wa kumi akafia njiani akipelekwa hospitali.

Miaka minne baadaye, Novemba 2, 2024, wakimbizi wa makazi ya Palabek, katika wilaya ya Lamwo nchini humo humo, walikuwa wamekusanyika kwa ibada. Kwa maelezo ya polisi, mvua ilianza kama saa kumi na moja jioni na radi ikapiga nusu saa baadaye. Watu 14 walikufa.

Nayaweka matukio haya mwanzoni, tena pamoja, kwa sababu ukiyatazama vizuri hukuti uzembe ndani yake. Hakuna aliyepanda kilimani kuchezea hatari. Watoto wale walifanya walichofundishwa tangu walipojua kutembea: mvua ikija, ingia ndani. Lakini fundisho hilo lilitungwa kwa ajili ya mvua. Paa la nyasi huzuia maji. Turubai huzuia maji. Mwembe wenye majani mazito huzuia maji kwa dakika kadhaa za mwanzo, na baraza ya duka huyazuia hadi mwisho. Radi haizuiwi na hata kimoja kati ya hivyo. Tumejifunza vizuri sana kukimbia mvua na bado hatujajifunza kukimbia radi, wakati viwili hivi haviji saa moja wala havikimbiwi kwa kwenda mahali pamoja. Naamini vifo vingi vya radi katika nchi zetu vinapita kwenye pengo hilo.

Na tunaishi mahali ambapo pengo hilo ni ghali. Mwaka 2016 watafiti waliokuwa wamekusanya picha za setilaiti za miaka 16 walitoa orodha ya sehemu zinazomulikwa na radi kuliko zote duniani. Namba moja ilikuwa Ziwa Maracaibo, Venezuela. Namba mbili ilikuwa Kabare, Kivu Kusini, kule Kongo, yenye mimweko zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba. Ukitoka hapo kwenda mashariki, unavuka Rwanda, Burundi, Kagera na Uganda hadi unafika Ziwa Victoria, na radi haikuachi njia nzima.

Ziwa lenyewe ndilo kiwanda. Lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,000, liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la ikweta linalipiga mwaka mzima. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake huinuka, na upepo wenye unyevu hutoka ziwani kuja kujaza nafasi. Unyevu huo ukisukumwa kwenye vilima vya Kisii, vya Kakamega na vya Kagera hulazimika kupanda, na ukipanda hugeuka mawingu. Kufikia saa tisa au saa kumi alasiri mawingu hayo yamekomaa. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto la mchana, na pepo hutoka pande zote za ufuko kuelekea katikati ya ziwa, ambako hukutana na kupandishana juu. Ndiyo maana dhoruba za ziwani huwa za usiku wa manane na alfajiri. Utafiti mwingine wa mwaka huo wa 2016, ulioongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji, ulionyesha kwamba dhoruba za alasiri nchi kavu ni dalili nzuri ya kukadiria dhoruba ya usiku ziwani. Nitalirudia jambo hili tukifika kwa wavuvi, kwani kwao lina thamani kubwa.

Kwa hiyo tuna ratiba, na ratiba ni sehemu ya kinga. Mkulima wa milimani anayepalilia tangu alfajiri na kutoka shambani saa nane mchana ameepuka saa mbaya kabla hata ya kutazama juu. Masika na vuli ndiyo misimu mikali, ingawa Kisii na Kakamega hazina mwezi wa kuaminika, na wachuma chai wa Kericho na Nandi, wanaopigwa na mvua ya mawe mara nyingi ajabu, wanajua kwamba hata Agosti wingu linaweza kufunga ghafla.

Sasa tutazame mbingu. Chukua siku ya Aprili pale Kakamega, uso wako ukielekea vilima vya Nandi. Saa sita mchana utaona mawingu madogo meupe, kila moja na kitako kilichonyooka. Yakibaki hivyo hadi jioni, siku imepita salama. Lakini saa nane unakuta mawili matatu yameungana, kitako kimeingia weusi, na kichwa kinapanda juu huku kingo zake zikiwa kali na zinabadilika ukizitazama. Dakika chache baadaye kichwa kile kinafika mahali pasipo pa kupanda tena. Kinaanza kutandaa pembeni, kingo zinalainika na kuwa na nyuzinyuzi, na juu ya wingu panakuwa bapa. Ubapa huo ni barafu. Ndani ya wingu chembe ndogo za barafu zinagongana na mawe laini ya mvua, na kila mgongano unagawa chaji: chembe nyepesi huenda nazo juu zikiwa na chaji chanya, mawe mazito hubaki chini na chaji hasi. Ukiona wingu limetandaa juu, jua kwamba mgawanyo huo umeshaanza.

Kisha upepo unageuka. Joto lote la mchana linakatika, unakuja upepo wa baridi wenye harufu ya udongo uliolowa, vumbi linanyanyuka barabarani na mabati yanaanza kugonga. Akina mama wanakimbia kuanua nguo na mahindi. Upepo ule ni hewa iliyoshushwa na mvua ambayo tayari inanyesha kilomita kadhaa kutoka ulipo. Watu wengi huuchukua kama ishara kwamba bado kuna nafasi ya kumalizia kazi. Ukipita shambani saa hiyo utasikia maneno haya au yanayofanana nayo:

"Mama, twende, kunanguruma."

"Malizia mstari huo kwanza mwanangu, mvua bado."

Mvua bado, kweli. Lakini radi inaweza kuchomoka ubavuni mwa wingu na kupiga ardhi kilomita 10 na zaidi mbele ya mvua, mahali ambapo jua bado linawaka. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa radi, dalili ya kutegemewa ni ngurumo ya kwanza uliyoisikia, hata ikiwa hafifu, hata ikiwa ya mbali.

Wako waliofundishwa kuhesabu. Mwanga hufika papo hapo, sauti hutembea takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu kati ya mmweko na ngurumo ni kilomita moja. Kanuni ya zamani ilisema ukihesabu chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, ingia mahali salama. Hesabu hiyo ni sahihi, na ni somo zuri la fizikia kwa watoto. Hata hivyo nakushauri usiitegemee kuamua. Dhoruba ikichangamka mimweko hufuatana hata usijue ngurumo hii ni ya mmweko upi. Baya zaidi, anayehesabu huwa anatafuta ruhusa ya kubaki. Ngurumo kwa kawaida haisikiki mbali zaidi ya kilomita 15 hivi, maana yake ukiisikia tu umeshaingia, au unakaribia kuingia, ndani ya eneo la hatari. Ondoka. Sehemu ya pili ya kanuni ile ndiyo ninayoishikilia kwa nguvu zote: usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mvua ikipungua kuwa rasharasha watoto hutoka kurukia madimbwi na wapita njia hutoka barazani, na wingu bado liko juu yao.

Ili uchague mahali pa kukimbilia, lazima ujue radi humfikiaje mtu. Mpigo mmoja wa kawaida hubeba mkondo wa kama ampea 30,000. Hewa inamopita hufikia joto la karibu nyuzi 30,000 za Selsiasi, kama mara tano ya joto la uso wa jua, na kutanuka kwa hewa hiyo kwa ghafla ndiko ngurumo. Wengi hudhani hatari ni kupigwa utosini. Wataalamu wa tiba wanaochunguza majeruhi wa radi wanakadiria kwamba wanaopigwa moja kwa moja ni 3 hadi 5 tu katika kila 100. Karibu thuluthi moja hurukiwa: radi hupiga mti au nguzo, kisha sehemu ya mkondo ikaacha njia yake na kumrukia aliyesimama karibu. Wachache hupigwa kwa kugusa waya wa uzio, bomba au ukuta uliopitiwa, na wengine na cheche inayopanda kutoka miilini mwao kuelekea wingu hata kama radi kuu imeangukia pengine. Karibu nusu yao wote hupigwa na mkondo unaotambaa ardhini.

Mkondo huo wa ardhini ndio usioeleweka, nao ndio unaoua wengi kwa mkupuo. Radi ikigonga ardhi husambaa kutoka pale ilipopiga kama mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani, nguvu ikipungua kadiri inavyokwenda mbali. Mguu ulio karibu na kitovu huwa kwenye nguvu kubwa, mguu ulio mbali kwenye nguvu ndogo, na tofauti hiyo husukuma umeme upande mguu mmoja na kushukia mwingine. Miguu ikiwa pamoja tofauti ni ndogo. Ng'ombe, ambaye kati ya miguu yake ya mbele na ya nyuma kuna zaidi ya mita moja, hupitisha umeme huo kifuani moja kwa moja, na ndiyo sababu mfugaji huamka akakuta zizi zima limelala na mti wenyewe una mkwaruzo tu. Agosti 2016, kwenye nyanda za juu za Hardangervidda huko Norway, reindia 323 walikutwa wamekufa mahali pamoja baada ya dhoruba. Reindia ni wanyama wa jamii ya kulungu wanaoishi nchi za baridi, na dhoruba ilipokuja walikuwa wamesongamana.

Watoto darasani husongamana hivyo hivyo. Juni 28, 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, na kuua wanafunzi 18. Oktoba 2018 ilipiga shule mjini Geita, Tanzania, wakafa wanafunzi 6. Machi mwaka huo huo ilipiga kanisa katika wilaya ya Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, na kuua waumini wasiopungua 15. Darasa, kanisa, kibanda: kila mara walikuwa ndani, na kila mara walikuwa wengi.

Basi "ndani" ni wapi? Jengo linalokinga radi ni lile lenye njia ya chuma ya kuushusha umeme ardhini bila kupitia kwako: nyaya zilizofungwa ukutani, mabomba ya maji ya chuma, nondo za zege. Ofisi ya serikali, benki, hospitali, nyumba ya tofali iliyofungwa umeme na maji, hizo zinafaa. Ukiwa humo kaa mbali na hizo njia zenyewe. Usioge, usioshe vyombo bombani, usiegemee ukuta wa zege, usisimame mlangoni wala dirishani kutazama, na chomoa televisheni na friji kabla dhoruba haijafika. Ikishafika, ziache, kwa maana kushika plagi wakati huo ni kujiunga na waya.

Gari lenye bodi na paa la chuma ni salama, vioo vikiwa vimefungwa na mikono yako ikiwa haigusi chuma. Basi, matatu na daladala zimo. Matairi hayahusiki kabisa. Radi iliyovuka kilomita kadhaa za hewa haitasimamishwa na sentimita chache za mpira. Kinachokulinda ni chuma kinachokuzunguka, ambacho hupitisha umeme upande wa nje hadi chini. Kwa hiyo bajaji ya turubai haifai, bodaboda haifai, na aliyepanda nyuma ya pikapu hana kinga hata kidogo. Dereva wa bodaboda anayeegesha chini ya mti na kusubiri mvua ipite amechagua mahali pabaya kuliko pale barabarani alipotoka.

Hapa nawajibika kusema wazi. Wasomaji wengi wa sura hii hawana nyumba ya aina hiyo. Wana nyumba ya udongo na mabati, au ya nyasi, isiyo na waya wala bomba. Kuna maandishi mengi ya usalama, mengi yametungwa Marekani, yanayoishia pale pale: ingia ndani. Kwa mama wa Lamwo maneno hayo ni nusu ya ushauri. Mabati peke yake hayaiiti radi kama wengi wanavyoamini, lakini yakipigwa hayana pa kuupeleka umeme, hivyo unaruka kutoka ukingoni kwenda kwenye nguzo, kwenye sufuria, kwenye mtu. Nyasi huwaka, na walio ndani huungua hata kama umeme haukuwagusa.

Kinachowezekana ni hiki. Tafuta leo, mbingu zikiwa nyeupe, jengo imara lililo karibu nawe na muda unaohitajika kulifikia kwa miguu: zahanati, shule yenye kinga ya radi, hata lori la mwenye duka linalolala pale njia panda. Kama ni mwendo wa dakika ishirini, basi unaondoka ngurumo ya kwanza inaposikika, na watoto wanajua njia. Kama hakuna kabisa, ingieni nyumbani kuliko kubaki nje au chini ya mti, lakini mkae mbali na kuta, mlango na nguzo ya katikati. Keti kwenye kigoda cha mbao au gunia kavu, miguu pamoja. Msilale sakafuni, msishikane, msijibane kona moja, na njia ya mlangoni iwe wazi endapo paa litashika moto. Hatua hizo zinapunguza hatari, haziiondoi.

Uwanjani kabisa, bila nyumba wala gari, hakuna mkao unaookoa. Zamani watu walifundishwa kuchuchumaa na kusubiri, na wengine bado wanafundisha hivyo. Wataalamu wa sasa wanataka uendelee kutembea kuelekea mahali salama, ukishuka kilimani, ukiepuka mti uliojitenga, uzio wa waya na mifugo, huku mkiachana ili mmoja akianguka wengine wawe wazima wa kumsaidia. Jembe liache. Nywele zikisimama au ngozi ikiwasha ghafla, radi iko mbioni kupiga hapo. Hapo ndipo unapochuchumaa kwa vidole vya miguu, visigino vimegusana, kichwa chini. Usilale kamwe, mwili mzima ukiwa ardhini ni hatua ndefu kuliko zote.

Wavuvi wana shida ya peke yao. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa, yaani kazi yenyewe imepangwa saa ambazo dhoruba za ziwani huamka. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, na hali mbaya ya hewa ni miongoni mwa sababu kubwa. Wengi wao huzama kwa upepo na mawimbi. Mtumbwi hupinduka kabla radi haijapata nafasi. Kati ya 2017 na 2021 mradi ulioitwa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulisaidia mamlaka za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda kuboresha utabiri na kuufikisha hadi kwenye mialo kwa lugha ya mvuvi: upepo, mawimbi, mvua, saa ngapi, upande gani wa ziwa. Mwanza kuna rada ya hali ya hewa. Utabiri upo, na mzee wa mwalo anayeusoma kwa sauti kabla mitumbwi haijatoka anaokoa maisha.

Kwa mvuvi nitaongeza mawili. Kama alasiri vilima vya nchi kavu vimenguruma sana, tarajia usiku mgumu hata kama machweo ni mazuri. Na jaketi la kujiokolea livaliwe tangu ufukweni, lisikaliwe kama mto. Dhoruba ikiwakuta katikati ya ziwa, kaeni chini katikati ya mtumbwi, toeni mikono majini, na msiguse injini wala nguzo ya taa.

Yako tunayoyaamini. Nguo nyekundu zivuliwe, vioo vifunikwe, simu zizimwe. Rangi ya nguo haina uhusiano wowote na njia ya umeme, wala kioo hakiuvuti. Simu ya mkononi haiiti radi. Iliyochomekwa kwenye chaji ukutani ndiyo hatari, kwa sababu ya waya. Ningeyaacha mambo haya yapite kama hayamdhuru mtu, lakini yanadhuru. Mwenye shati jeupe chini ya mwembe hujiona yuko salama.

Imani iliyo nzito zaidi ni ile ya radi ya kutumwa. Siidharau huzuni iliyoizaa. Radi inaua mtoto wa dawati moja na kumwacha jirani yake bila mchubuko, na mama anauliza kwa nini wake. Ninachoweza kujibu ni kwamba mmoja alikuwa amekanyaga chini kwa miguu iliyoachana, mwingine alikuwa ameikunja juu ya benchi. Mmoja aliegemea ukuta, mwingine hakuegemea. Jibu hilo halimtulizi mtu msibani, najua. Lakini jibu linalomnyooshea kidole bibi kizee wa jirani limeua pia, na katika ukanda wa ziwa wazee wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Kisha shule inabaki bila kinga, kwa sababu aliyedhaniwa kuituma radi ameshashughulikiwa.

Kinga ya radi ni kitu cha kawaida: vyuma vilivyosimama juu ya paa, waya mnene wa kushusha umeme, na vyuma vilivyozikwa chini vya kuusambaza ardhini. Sehemu zote tatu lazima ziwepo na ziungane. Kipande cha chuma juu ya paa kisicho na njia ya kushuka hakikingi kitu. Waya wa shaba huibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, kwa hiyo kamati ya shule iliyowekewa kinga ikague kila mwanzo wa muhula kama waya bado umefika chini. Shirika la ACLENet, lenye makao Kampala, limekuwa likiziwekea shule za Uganda kinga hizi, na Runyanya ni mojawapo. Mzazi anayehudhuria kikao cha shule ana haki ya kuuliza swali hili kama anavyouliza kuhusu vyoo na uji.

Na mtu akipigwa? Mshike. Mwili wake haubaki na umeme. Umeme umeshapita na hauwezi kukurukia. Naandika hivi kwa mkazo kwa sababu majeruhi wengi hufa wakizungukwa na watu wanaoogopa kuwagusa, au wanaosubiri mtaalamu wa mila aje kwanza. Kama ngurumo zinaendelea na mnaweza, mhamishieni mahali penye usalama zaidi. Kisha tazama kifua. Radi inaweza kusimamisha moyo na pumzi kwa pamoja. Mara nyingi moyo hujirudia wenyewe, lakini pumzi huchelewa, na moyo usiopata hewa husimama tena. Asiyepumua mlaze chali, bana pua yake, mpulizie hewa mdomoni, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukibadilishana kukandamiza mara 30 na kupuliza mara mbili. Endelea hadi apumue au msaada ufike.

Wakianguka wengi kwa wakati mmoja, tabia yetu ni kuwakimbilia wanaolia. Kwenye radi geuza utaratibu. Anayelia anapumua na ana nafasi kubwa ya kupona. Anza na waliolala kimya wanaoonekana wamekufa, maana wao ndio ambao dakika chache za pumzi yako zinaweza kuwarudisha.

Aliyepona apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa. Ngoma za masikio mara nyingi huwa zimepasuka, na moyo unahitaji kupimwa. Kisha yako yanayochelewa: maumivu ya kichwa yasiyoisha, usingizi kukatika, kusahau, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, hasira zisizokuwepo kabla. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani anarudi baada ya wiki mbili na hawezi kufuata somo la dakika arobaini, na kwa kuwa hana kovu lolote anaitwa mvivu. Ubongo wake umeumia. Mwalimu ampe muda mrefu wa mtihani na ruhusa ya kupumzika, na wazazi wamrudishe hospitali wakaeleze kwamba alipigwa na radi, tarehe ngapi, na nini kimebadilika tangu siku hiyo.